Sauti Inayotangulia Ngumi

Kwenye banda la video, ngumi ya Arnold Schwarzenegger haina uzito mpaka DJ Afro, msimulizi wa filamu, aisemee. Sikiliza vizuri utagundua kwamba sauti hutangulia kidogo. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo msimulizi anayetaka "amempiga" itue pamoja na ngumi hana budi kuanza kuitamka mkono ungali hewani. Mkono ukiinuka yuko kwenye "ame"; pua ikivunjika yuko kwenye "pi". Akichelewa kidogo tu, watu watacheka mahali pa kushangilia.

Kuanzia Kisii mjini hadi Keroka, mji uliokaa mpakani mguu mmoja Kisii mwingine Nyamira, vijana wengi waliijua sinema namna hiyo: mabenchi ya mbao, televisheni moja, pazia zito mlangoni, na mtu mmoja anayesema kwa niaba ya kila mtu. Shujaa ni staringi. Adui ni mnyama. Wakati wowote filamu inaponyamaza, msimulizi ndiye mwenye zamu. Staringi anaendesha gari kimya barabara ndefu? Basi tutaambiwa anawaza kodi ya nyumba, au mama mkwe. Kazi hiyo inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Sauti ni moja na wahusika ni kumi, kwa hiyo msimulizi huwatofautisha kwa mwendo wa maneno: bosi wa majambazi husema polepole, kibaraka wake husema mbiombio, staringi hutoa maneno matatu na kunyamaza. Na lazima ajue pa kukaa kimya. Mlio wa risasi na muziki wa huzuni huachiwa nafasi yao.

Ufundi huu una ndugu kote Afrika Mashariki. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kampala ina VJ Jingo na wenzake. Sheria ya hakimiliki haiwatazami kwa jicho zuri, na hapo sina utetezi, kwa kuwa filamu ina mwenyewe. Ila ufundi ni ufundi.

Nchi iliyoupa ufundi wa namna hii heshima yake kamili ni Hungaria. Kihungari hakina jamaa wengi Ulaya. Kimezungukwa na lugha zisizofanana nacho hata kidogo. Mkazo wake huanguka silabi ya kwanza daima, hivyo msemaji wa huko hufanya kinyume cha DJ Afro: huisubiri ngumi, kisha neno hugonga nayo tangu mwanzo. Miaka ya 1960 mshairi József Romhányi alipewa katuni ya Kimarekani, The Flintstones, aiandike kwa Kihungari. Mazungumzo ya asili yalikuwa maneno ya kawaida tu. Romhányi aliyatia vina. Fred akawa Frédi, Barney akawa Béni, na wote wawili wakawa wanagombana, wanakula na kudanganya wake zao kwa vina, huku maneno yakilazimika kutoshea midomo iliyochorwa kwa ajili ya Kiingereza. Wahungari wengi hawana shaka kwamba katuni yao inaipita ile ya Marekani. Mswahili aliyelelewa na mashairi hahitaji kuelezwa kwa nini.

Huenda watu wa lugha ndogo hujifunza mapema kwamba sinema ina njia nyingi za kusema. Michael Curtiz, aliyeanza kuongoza filamu kwao Budapest kabla ya kuingia Hollywood mwaka 1926, alichekwa kwa Kiingereza chake kibovu. Inasimuliwa kwamba akitaka farasi wasio na wapandaji, aliamuru waletwe "farasi watupu". Mtu huyo huyo ndiye aliyetupa Casablanca mwaka 1942, filamu ambayo mazungumzo yake yangali midomoni mwa watu mpaka leo.

Kenya nayo imo katika hadithi ya Wahungari. Mwaka 1935 ndugu wawili, Alexander na Zoltán Korda, mmoja akiwa mtayarishaji na mwingine mwongozaji, walitoa Sanders of the River huko Uingereza. Nyota wake alikuwa Paul Robeson. Katika kundi la Waafrika waliowekwa nyuma yake alikuwemo Jomo Kenyatta, ambaye wakati huo aliishi London. Picha ni nzuri, Zoltán alijua kazi yake. Lakini filamu yenyewe inausifu ukoloni, na Robeson baadaye aliikana. Mtu aliyekuja kuwa rais wetu wa kwanza alisimama mbele ya kamera kama sehemu ya mandhari. Kila nikiikumbuka filamu hiyo natamani msimulizi wa banda la video aishike usiku mmoja, ashushe sauti ya Bwana Sanders, mtawala wa kikoloni, na awape wale wanakijiji maneno yao.

Kwamba Ekegusii, lugha ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, kinaweza kazi hii ya kuipa filamu sauti, tayari tunajua. Filamu ya Yesu ya mwaka 1979, iliyotiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, ina toleo la Ekegusii. Waliolitengeneza walikabili hesabu ngumu: kitenzi kimoja cha Ekegusii hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na midomo ya mwigizaji ikifumba, neno linalofaa ni lile lenye "m" au "mb" mahali hapo. Sauti zilizozoea kazi hazikosekani pia. Egesa FM hutangaza kwa Ekegusii kila siku.

Sensa ya 2019 iliwahesabu Abagusii milioni 2.7. Hao ni wasikilizaji wa kutosha. Wenye studio, lipieni haki ya filamu moja, hata ya katuni, mtafuteni mtunzi anayekijua Ekegusii cha wazee, na jina lake liandikwe mwishoni pamoja na majina ya waigizaji.