Mgeni Njoo, Programu Ipone

Wahenga wametuachia methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Twaitumia leo kuipimia kazi ambayo walimu wa Kiswahili hatujaihakiki ipasavyo, nayo ni tafsiri ya programu huria. Yaani programu za kompyuta ambazo maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini kwa Kiswahili. Kazi hiyo yastahili sifa, kwani ilithibitisha kwamba lugha yetu haishindwi na mashine. Hata hivyo, programu haimaliziki kama kitabu kilichokwisha chapwa. Mwaka 2010 baadhi ya wajenzi wa OpenOffice walijitenga wakaanzisha LibreOffice. Na kila toleo huja na maneno yake. Tafsiri isiyopata mikono mipya huchakaa.

Mikono hiyo itatoka wapi? Hapa Malaba dereva wa Mombasa na mchuuzi wa Tororo huelewana kwa Kiswahili, lakini watoto wengi hulelewa kwa Kiteso na kuipokea lugha hii ukubwani. Twaamini kwamba mgeni wa namna hiyo ndiye mpimaji bora wa istilahi. Aliyeliunda neno halioni tena giza lake. Mwanafunzi akwamaye mbele ya neno hilo amegundua kasoro, na akiitolea taarifa amekwisha kuchangia.

Kwa bahati mbaya, katika baadhi ya jamii za programu huria mgeni akiuliza hujibiwa kwa kejeli, akaondoka na dawa yake. Yafaa wenyeji wakumbuke kuwa Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi tu huko Helsinki alipoitangaza Linux mwaka 1991, akiomba maoni ya wenzake.

Mgeni naye ana wajibu wake: siku ya tatu hupewa jembe. Ajifunze desturi za nyumba, aanze na sahihisho dogo. Lakini jembe bila kauli juu ya shamba ni utumwa. Akishathibitisha kazi yake, apewe pia haki ya kukubali na kukataa mabadiliko.

Walimu wenzetu wa Busia na Tororo, tuwafungulie wanafunzi wetu mlango huo. Istilahi isiyoeleweka mpakani haijawa bado ya Waswahili wote.