Hesabu za Ziwa Lisilosafika

Ziwa Ontario hupokea kila kinachotiririka kupitia Mto Niagara, na kwa miongo mingi viwanda vya kando ya mto huo viliutia sumu za kila aina. Mojawapo ni PCB, mafuta ya kuhami umeme ndani ya transfoma. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji wake mwaka 1979. Kiasi chake katika samaki kikapungua, kisha kikaanza kushuka polepole mno, ingawa maji ya ziwa hilo hubadilika takriban kila miaka 6. Sumu ilikuwa ikitoka wapi?

Maswali ya namna hii ndiyo yaliyomshughulisha Donald Mackay, na kila ninapoirudia kazi yake namstahi zaidi. Alizaliwa mwaka 1936, akasomea uhandisi wa kemikali Glasgow, akafundisha Toronto, kisha kuanzia 1995 katika Chuo Kikuu cha Trent. Alistaafu huko lakini hakuiacha kazi. Alifariki mwaka 2023.

Mhandisi wa kemikali hufundishwa mapema kwamba kinachoingia kwenye tangi lazima kitoke, kibaki, au kigeuke kitu kingine. Mackay alilifanyia ziwa zima hesabu hiyohiyo. Ugumu ni kwamba ziwa lina maji, hewa juu yake, matope chini na samaki ndani, na kila mahali pana kipimo chake. Mikrogramu katika lita ya maji huwezi kuzilinganisha na mikrogramu katika kilo ya matope.

Mwaka 1979 alitoa njia. Aliazima wazo ambalo mwanakemia Gilbert Lewis alilianzisha mwaka 1901, fugasiti: msukumo wa kemikali kutoroka mahali ilipo, unaopimwa kwa paskali. Joto hutoka kwenye sufuria ya moto kwenda kwenye sinia baridi, hata sinia likiwa kubwa namna gani. Kemikali nayo hutoka penye fugasiti kubwa kwenda penye ndogo. Matope yanaweza kubeba PCB maelfu ya mara kuliko maji, na bado maji ndiyo yawe yanayoyalisha matope. Lakini maji yakianza kusafika, fugasiti yake hushuka chini ya ile ya matope, na mkondo hugeuka. Matope huanza kurudisha walichotupa watu miaka mingi nyuma.

Samaki nao huingia katika hesabu hiyo. Mafuta yaliyomo katika chakula cha samaki yakishameng'enywa tumboni, PCB iliyokuwa imekaa ndani yake hukosa makao, msukumo wake hupanda, nayo hujisukuma mwilini. Ndiyo maana samaki mkubwa hubeba sumu kwa fugasiti inayozidi ile ya maji anamoogelea.

Ninachokipenda zaidi ni uteuzi wake. Kuvukizwa hewani, kutoka na mto, kuzama pamoja na chembe, kuoza: njia hizi zote alizipa kipimo kimoja, akaziweka bega kwa bega. Iliyo kubwa hujitokeza yenyewe, na zile ndogo unaweza kuziacha bila woga. Tayari mwaka 1973, yeye na mwenzake Aaron Wolkoff walikuwa wameonyesha kwamba hata kemikali isiyopenda kuvukizwa, kama dawa ya wadudu DDT, huweza kulikimbia ziwa kwa hewa, kwa kuwa maji haiyapendi zaidi.

Kitabu chake cha 1991 hupanda kwa ngazi 4. Ya kwanza ni ulimwengu uliofungwa, kila kitu kimetulia. Ya pili huongeza kinachoingia na kinachotoka. Ya tatu hukubali kwamba hewa, maji na matope havijakubaliana. Mabadiliko kadiri miaka inavyopita hayahesabiwi mpaka ngazi ya nne. Mvuvi angeuliza hilo kwanza: lini samaki hawa wataliwa bila hofu? Mackay aliliweka mwisho, nami naona alifanya vema, kwa sababu mtu aliyepita ngazi zile tatu hulijibu akiwa ameshajua kama sumu inaletwa na mto, inashushwa na hewa, au inafufuka kutoka matopeni, na kwa hiyo fedha za usafishaji zielekezwe wapi.