Mishororo Tisa Pembeni mwa Ukurasa

Abasia za Ulaya ya zama za kati husifiwa aghalabu kwa kuhifadhi elimu. Sifa hiyo ni ya haki, ila huzaa swali: zilihifadhi sauti ya nani? Kisa cha Cædmon, mshairi wa mwanzo wa Kiingereza ajulikanaye kwa jina, ni kipimo kizuri cha jambo hilo.

Kisa hicho kimesimuliwa na Bede, mtawa wa Jarrow, katika historia ya kanisa la Waingereza aliyoimaliza mwaka 731. Cædmon, mchunga ng'ombe aliyekwishapita ujana, aliishi penye nyumba ya watawa wa kike na wa kiume ya Whitby, iliyoanzishwa mwaka 657 chini ya uongozi wa Hild. Kila kinubi kilipozungushwa karamuni aliondoka, kwani hakujua kuimba. Usiku mmoja, zizini, alijiwa na mtu ndotoni akaamriwa aimbe juu ya kuumbwa kwa ulimwengu, akaimba. Alipopelekwa kwa Hild, wanazuoni walimsomea mafunzo ya dini, naye akarejea asubuhi ameyatunga. Bede amemfananisha na mnyama acheuaye: alisikia, akatafuna, akageuza yote kuwa wimbo mtamu. Tashibihi hiyo yamkaa barabara mtu wa zizini.

Kasoro iko mbele kidogo. Bede, ambaye lugha ya Cædmon ilikuwa lugha yake pia, ametoa wimbo ule kwa Kilatini tu, tena maana yake pasipo mpangilio wa maneno, akikiri kuwa shairi halihamishwi neno kwa neno bila kupungukiwa na uzuri na hadhi. Mfasiri yeyote ataukubali ukweli huo. Lakini aijuaye hasara, na mali yenyewe anayo mkononi, mbona asiionyeshe?

Jibu lilitolewa na wanakili. Katika nakala mbili za karne ya 8, moja iliyoko Cambridge na nyingine Saint Petersburg, imeongezwa mishororo tisa ya Kiingereza cha kale: katika ile ya kwanza kwenye ukurasa wa mwisho, katika ya pili chini ya ukurasa wa Kilatini. Kila mshororo una vipande viwili, mithili ya ukwapi na utao; ila kiviungacho si kina cha mwisho, bali sauti ya mwanzo wa maneno. Kilatini cha Bede kina maana. Muungano huo hakina. Wapo wataalamu waliodai kuwa mishororo hiyo imefasiriwa kutoka Kilatini hicho. Hata ikiwa hivyo, mnakili aliona kwamba Kilatini peke yake hakitoshi. Kwa kitendo hicho alikuwa mhakiki bora kuliko Bede.

Whitby ilifungwa mwaka 1539, na leo ni magofu juu ya jabali la bahari. Katika nyimbo zote za Cædmon alizozitaja Bede, iliyobaki kwa yakini ni mishororo hiyo tisa. Abasia ilimpa mshairi mada, wasikilizaji na heshima. Nyimbo za kinubi cha karamuni, alizokuwa akizikimbia, hazikupata hata pembe ya ukurasa.