Vita vya Mirambo katika Gazeti la New York

Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Twaikumbuka mithali hii kila tuzisomapo barua ambazo Henry Morton Stanley alilipelekea gazeti la New York Herald, juu ya vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilivyoanza mwaka 1871.

Sifa moja barua hizo zastahili. Mwandishi aliyaona mengi kwa macho yake, wala hakuficha ya kuwa Waarabu walikimbia, na yeye pamoja nao. Mwezi wa Agosti Mirambo aliingia Tabora, akateketeza sehemu ya mji, na Khamis bin Abdullah akauawa.

Lakini shahidi huyo alikuwa na bunduki mkononi. Alitaka njia ya Ujiji ifunguliwe apate kumtafuta Livingstone. Kwa hiyo alijiunga na jeshi la Waarabu. Aliyemfungia njia akamwona kuwa mnyang'anyi, na watu wa Marekani, wasiosikia neno la upande wa pili, wangejuaje zaidi?

Tena, msomaji wa mbali aweza kudhani kuwa hivi vilikuwa vita vya kabila na kabila. Sivyo. Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, alikuwa Mnyamwezi, naye alisimama upande wa Waarabu. Kilichogombewa ni njia ya misafara, pembe za ndovu, na hongo iliyodaiwa kwa wapitao. Wala hatusemi kwamba Mirambo hana hatia: rugaruga wake walichoma vijiji, na wengi walioumia ni Wanyamwezi wenzake.

Mwaka 1876 Stanley alikutana na Mirambo, wakachanjiana udugu. Sasa kalamu ile ile ikamsifu kuwa mtu mpole, mwenye adabu. Je, Mirambo aligeuka? Twaona kuwa kilichogeuka zaidi ni mahali aliposimama mwandishi.

Basi, tusomapo habari za vita vya watu wowote, tuulize kwanza: mwandishi alisimama wapi, na ni nani asiyeulizwa? Na masimulizi ya Urambo na ya Unyanyembe yaandikwe yote mawili, mtoto asije akamjua babu yake kwa kinywa cha mgeni peke yake.