Mkoba wa Diski Moja

Zamani fundi wa kompyuta ulimjua kwa pochi yake ya sidii. Aliikunjua mezani, na katika kila mfuko wa plastiki mlikuwa na sidii iliyoandikwa kwa kalamu nene: XP, Ubuntu, draiva, na moja isiyoandikwa chochote, ambayo ndiyo aliyoitegemea kuliko zote. Mkwaruzo mmoja tu ulitosha. Kazi ilifika katikati, ikaganda, na mteja akaambiwa arudi kesho.

Pochi yangu mimi ni diski ngumu ya gigabaiti 500. Niliichomoa kwenye laptopu iliyokufa ubao mama, nikaivika kasha la kuchomeka USB. Humo mna Windows 7, 10 na 11, mna Ubuntu, Debian na Linux Mint, mna Clonezilla ya kunakili diski nzima na Memtest ya kupima RAM. Mganga akizeeka humwachia mwanafunzi wake mkoba. Huu wangu nimeujaza mwenyewe, dawa moja baada ya nyingine. Hapa Dar es Salaam kazi yenyewe tunaiita kupiga window, hata pale kinachopigwa ni Linux, na wengi wanaamini ni kubonyeza “Next” mpaka mwisho. Hao ndio ninaowaandikia.

Kompyuta inapowashwa haijui lolote. Programu ndogo iliyomo kwenye chipu ya ubao mama ndiyo huamka kwanza, ikakagua viungo, kisha ikatafuta wa kumkabidhi kazi. Mashine za kale, zenye BIOS, husoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512 tu: 446 za maelekezo, 64 za ramani ya patisheni nne, na mbili za mwisho ni muhuri. Pasipo muhuri, BIOS hupita kama haikuona kitu. Mashine mpya, zenye UEFI, hazifuati maelekezo ya sekta hiyo. Hutafuta faili lenye jina maalumu, BOOTX64.EFI, ndani ya patisheni ya FAT32. Basi diski inayotaka kupokelewa na mzee na kijana sharti ijue kupiga hodi kwa namna zote mbili.

Kwa miaka mingi flashi moja kwa kawaida ilibeba mfumo mmoja. Ukitaka mwingine, unafuta na kuandika upya. Mwaka 2020 ikatoka Ventoy, programu huria, na mambo yakawa mepesi. Huigawa diski sehemu mbili: ndogo ya megabaiti 32 yenye ujanja wote, na kubwa ya exFAT ya kuwekea mzigo. FAT32 isingefaa kwa mzigo huo, kwa kuwa haipokei faili linalofika gigabaiti 4, na ISO za Windows za siku hizi, yaani diski nzima ya kusakinishia iliyofungwa katika faili moja, zimekwisha kupita hapo. Tangu hapo mafaili ya ISO nayanakili tu kama mtu anavyonakili nyimbo, na nikiwasha mashine, menyu inayapanga yote nichague.

Wepesi huo hautoshi kumfanya mtu fundi. Kidole kijue njia: F12 kwa Dell na Lenovo, F9 kwa HP. Ukisakinisha Windows 7 kwenye tundu la bluu la USB 3, utaambiwa draiva inakosekana, ilhali umewasha kwa diski hiyo hiyo! BIOS ndiyo iliyoisoma mwanzoni. Kisakinishi kikishika usukani, USB 3 hakiijui. Fundi huhamia tundu jeusi, akaendelea na kazi kimya kimya. Na kwenye laptopu za Intel za miaka ya karibuni, diski huweza isionekane kabisa, mteja akashika kichwa. Haijafa. Imefunikwa na VMD, kidhibiti cha diski cha Intel. Mpe kisakinishi draiva yake, utaiona ikiibuka.

Penye jasho ni pale skrini inapouliza: Disk 0 au Disk 1? Diski ya fundi nayo imo katika orodha hiyo. Usiku mmoja, umeme umerudi na nina haraka, nilifuta moja kwa mazoea, na niliyoifuta ilikuwa mkoba wangu. Wiki nzima nilishusha ISO upya kwa bando la kuungaunga. Nashukuru ilikuwa yangu. Siku hizi nasoma ukubwa wa diski kwa sauti, kama mtoto anayejifunza kusoma, ndipo niguse.

Baada ya hapo akaja mama mmoja, mweka hazina wa kikoba, na laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Inajivuta mno. Piga tu window, mwanangu, humo hamna kitu.”

Nikawasha Linux Mint moja kwa moja kutoka kwenye mkoba, diski yake bila kuguswa, nikachungulia. Palikuwa na faili moja la Excel: michango ya kikoba ya miaka mitatu.

“Na hili, mama?”

“Hilo si liko kwenye Excel? Si utaniwekea Excel nyingine?”

Nililinakili pembeni kabla ya kumjibu. Mashine yake haikuwa na TPM 2.0, kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakidai, na Windows 10 iliachwa na watengenezaji wake tarehe 14 Oktoba 2025. Ningekuwa na flashi ya mfumo mmoja, ningempiga huo huo nilio nao, akaondoka. Kwa kuwa niliweza kuchagua, nililazimika kuuliza anafanyia nini kompyuta. Kikoba, akasema, na barua za kanisa. Basi nikamfungulia lile faili palepale, ndani ya Mint iliyokuwa bado mgeni kwenye mashine yake, kwa LibreOffice.

Akavaa miwani. Akapitisha kidole kwenye majina, akafika lake, akashuka mpaka jumla, akarudi juu.

“Huyu hajalipa tangu Machi,” akasema. Kisha akavua miwani. “Haya, mwanangu, sasa nipigie hiyo window.”

Nikasoma ukubwa wa diski kwa sauti, nikampigia Linux.