Bastola ya Shabaha: Nambari Ikae Kwenye Kipande Kipi?

Mwenye baiskeli hapa Mibirizi, magharibi mwa Rwanda, anaweza kubadilisha gurudumu mwaka huu, usukani mwaka ujao, na mnyororo kila unapochakaa. Baiskeli inabaki ileile kwa sababu nambari yake imegongwa kwenye fremu. Sheria za silaha zimejengwa juu ya fikra hiyohiyo, lakini bastola za kulengea shabaha zinaivuruga.

Bastola hizi hutumia risasi ndogo ya milimita 5.6, ambayo kiwashio chake kimo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda. Msukumo wake ni mdogo, kwa hiyo mtengenezaji ana uhuru mkubwa wa kugawa silaha vipandevipande. Mlengaji naye hutaka kishikio kilichochongwa kufuata kiganja chake na mtutu wenye uzito anaoupenda. Bastola ya Walther GSP, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1960, iliundwa hivi kwamba ukibadilisha sehemu ya juu, bastola ileile inatumia risasi ya ukubwa mwingine.

Tazama bastola ya mwaka 1949 ya Ruger, kampuni ya Marekani. Juu kuna bomba la chuma lililounganishwa na mtutu, na komeo, yaani kipande kinachofunga nyuma ya mtutu, husogea ndani ya bomba hilo. Chini kuna kishikio cha vipande viwili vya bati la chuma vilivyochomelewa pamoja. Wamiliki wameilalamikia kwa miaka mingi: kuifungua ni rahisi, kuirudisha ni mateso, kwa kuwa nyundo ya ndani isipokaa mahali pake bastola haikusanyiki sawasawa. Ni mwaka 2016 tu, lilipotoka toleo la Mark IV, ndipo kitufe kimoja kilipomaliza shida hiyo. Lakini nambari iko wapi? Iko kwenye bomba la juu. Kwa sheria ya Marekani bomba hilo ndilo silaha. Kishikio, pamoja na kifyatuo kilichomo, ni vipuri.

Sasa ichukue Browning Buck Mark, bastola ya kazi hiyohiyo. Hapa mambo yamegeuka. Nambari imo kwenye fremu ya chini, na mtutu umeshikwa na skrubu, hivyo mwenyewe anaweza kuubadilisha nyumbani.

Tofauti hii ina uzito kuliko inavyoonekana. Risasi inapopita, mikwaruzo inayoachwa juu yake ni ya mtutu, wakati alama zilizo kwenye ganda huachwa na pini na uso wa komeo. Mtaalamu wa maabara akilinganisha risasi na mtutu wa Buck Mark, ushahidi wake unaangukia kipande ambacho daftari la usajili halikijui. Fremu ina jina la mwenyewe, mtutu hauna.

Hati ya Umoja wa Mataifa ya kufuatilia silaha ndogo, iliyopitishwa Desemba 2005, iliona mbali. Inataka nambari ya pekee iwekwe kwenye sehemu ambayo ikiharibiwa silaha haifai tena, kama vile fremu. Kisha inahimiza alama nyingine kwenye mtutu au kwenye sehemu ya juu inayoteleza. Inahimiza tu, hailazimishi, na hapo ndipo penye udhaifu.

Ukanda wetu una msingi mzuri. Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ilitiwa saini tarehe 21 Aprili 2004, Rwanda, Burundi na Kongo zikiwa miongoni mwa watia saini, na RECSA, kituo cha kikanda cha silaha ndogo kilichoko Nairobi, kimezipa nchi wanachama mashine za kutia alama. Mashine hiyo hugonga chuma kwa sindano ngumu, nukta baada ya nukta, hadi herufi na tarakimu zikamilike. Kugonga mtutu baada ya fremu ni kazi ya dakika chache, silaha ikiwa tayari iko mezani.

Kwetu jambo hili si la mbali. Mto Rusizi ndio mpaka wetu na Kongo, na kipande cha chuma kinachoenea mfukoni huvuka kwa urahisi kuliko bunduki nzima. Ombi langu kwa wanaoshika madaftari ya silaha, Kigali, Bujumbura na Kinshasa, ni moja: kwa kila bastola inayofunguka, ongezeni mstari wa pili wa nambari ya mtutu, na mtutu usio na nambari usirudishwe kwa mwenyewe kabla haujagongwa.