Sifa ya Kinyungu

Aonaye maji yametuama shambani hudhani adui ni maji. Lakini mzizi haufi kwa kunywa kupita kiasi. Hufa kwa kukosa pumzi. Vitundu vya udongo vikijaa maji, hewa haina pa kupita, kwani oksijeni hupenya majini polepole karibu mara 10,000 kuliko hewani. Majani hugeuka manjano hata palipowekwa samadi, na ukichimba unakuta tope la kijivu lenye madoa ya kutu, pengine na harufu ya mayai viza. Mkulima stadi akiona hayo hatafuti namna ya kuyamaliza maji, bali hupima yapi yatoke na yapi yabaki. Wakulima wa Iringa na Njombe wamekifanyia kazi kipimo hicho kwa jembe, wakapata vinyungu.

Kinyungu ni bustani ya bondeni. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi hufyekwa na kufukiwa, udongo huinuliwa kuwa matuta, na baina yake hupita mifereji inayoteremkia mkondoni. Uzuri wa kazi hii ni kwamba udongo unaotoka mferejini ndio unaoinua tuta: pigo moja la jembe linashusha maji na kupandisha mzizi. Mahindi, maharage na mboga hupumua juu, na chini hubaki unyevu wa kuyalea kiangazi, mashamba ya milimani yakiwa yamekauka. Ugumu uko kwenye mteremko. Mfereji uliolala mno hugeuka dimbwi. Uliosimama mno huliwa na maji ukawa korongo.

Kuna atakayeuliza kwa nini tusimwage mchanga tu, tukapumzika. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi haufungui njia, kwa sababu chembe laini za mfinyanzi huziba nafasi zote. Mboji husaidia zaidi, ila nayo haiwezi kuyapa maji pa kutokea. Hoja nzito ni ya mazingira: mabonde ni ghala la mito, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, shughuli za kudumu au zinazoweza kuyadhuru mazingira hayo. Hoja hiyo ni ya haki. Chemchemi si shamba. Ila inachohukumu ni pupa, si ustadi. Udongo mweusi wa bondeni, uliojaa mabaki ya mimea, ukikaushwa kupita kiasi huoza upesi na kudidimia, hivyo mwenye pupa hupoteza shamba lake kabla hata ya kuudhuru mto. Masilahi ya mkulima na ya mto hukutana kwenye mfereji uleule wa kina kidogo. Ndiyo maana kazi ya mchimbaji haipimwi Machi, maji yakiwa tele, bali Septemba: tuta likiwa bado na unyevu na mkondo bado unatiririka, alijua pa kukomea.